Mstari wa Jina la Biashara

Nuha alipanda ngazi za ofisi ya Mutai Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 2008, mfuko wa plastiki mkononi na shingo kaikaza. Wanaomjua Nuha wakimwona kaikaza shingo namna ile humpisha njia tu, salamu wakamwekea siku nyingine. Ofisi yenyewe iko Annandale, juu ya duka la Mkorea la samaki na mboga, na ngazi zinanuka yote mawili. Huko ndiko Waafrika Mashariki wengi wa upande ule wa Virginia hupeleka makaratasi yao ya kodi kila mwaka, kwa sababu Mutai, Mkalenjin mwenye miwani mizito na subira ya ajabu, kasomea uhasibu na hamcheki mtu Kiingereza chake.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vitu vitatu: cheti cha kifo, orodha ya kofia zilizouzwa kwenye mtandao mwaka uliopita, na nakala ya fomu za kodi za mwaka wa nyuma yake. Aliyekufa ni Bimkubwa binti Khelef, mwalimu mstaafu wa Zanzibar, aliyekaa na Nuha miaka saba kwenye fleti ya Falls Church, jirani na Route 50. Alikufa mwanzoni mwa Desemba, wiki mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Na kwa kuwa kofia zilikuwa zikiuzwa kwa jina lake, serikali ilikuwa bado inamdai fomu yake ya mwisho. Ndiyo, maiti anadaiwa fomu. Usishangae, huku mtu hamalizi kufa mpaka amalize makaratasi.

Lakini hilo silo lililomkaza Nuha shingo. Fomu alikuwa tayari kuijaza. Alichokifuata pale ni neno moja tu, liandikwe na serikali ilione: kwamba anayemwekea marehemu saini ni binti yake. Neno hilo lilikuwa limemkwama kooni miaka ishirini na saba, na alijua kabisa kwamba nafasi nyingine ya kulitoa haitakuja.

Ukweli wa ukoo ni huu. Aliyemzaa Nuha aliitwa Salma, na alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Dada yake mkubwa, ndiye huyo Bimkubwa, akamchukua mtoto. Kwetu sisi hapo hapana la kueleza. Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, na mama mkubwa ni mama, basi, kwisha. Nuha alilala pale, akala pale, akachapwa pale, akauguzwa surua pale. Bimkubwa alikuwa na mwanawe wa kumzaa, Yasir, na katika nyumba ile haikupata kusikika huyu wangu na yule wa marehemu.

Sasa, Nuha alipofika miaka kumi na mitano, pakawa na harusi kwa jirani, na Bimkubwa akamkataza kwenda kwa kuwa kesho yake ana mtihani. Mtoto akapandwa na mashetani. Mbele ya shangazi wawili na jirani aliyekuja kuazima kinu, akapaza sauti: "Unanikataza kama nani? Wewe si mama yangu!"

Loo! Jirani akasahau hata kinu chake. Bimkubwa hakumpiga, na heri angempiga. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akasema, "Haya, mimi si mamako. Lakini wali wako upo chini ya kawa. Kula kabla haujapoa." Kisha akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Asubuhi akamwamsha aende kwenye mtihani, chai tayari mezani, na maneno yale hayakutajwa tena.

Nuha hakuomba radhi. Kwanza kwa ukaidi, kisha kwa haya, kisha kwa kudhani kwamba mwenzake kasahau, na utamwendea vipi mtu kumkumbusha ubaya uliomtendea ili umwombe msamaha? Ndivyo alivyojidanganya mwaka baada ya mwaka. Akaolewa, akaletwa Marekani, akaachika, akapata kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao, akiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu. Bimkubwa naye, baada ya kustaafu ualimu, akajiandikisha kwa mzaha kwenye ile bahati nasibu ya viza, na mzaha ukamtokea kweli. Mwaka 2001 akashuka uwanja wa ndege na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitambaa vyeupe, nyuzi na sindano.

Hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa akishona kofia za mkono tangu usichana, kofia za vitobo, ambazo kila kitobo hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka kikaze, na kofia moja ina vitobo vya kumaliza macho ya mtu. Moja ilimchukua wiki saba, nane. Nuha akawa anaipiga picha dirishani, kaiweka juu ya bakuli lililopinduliwa, na kuitia kwenye mtandao. Wanunuzi wakatokea. Mngazija mmoja wa Marseille, Waarabu wawili wa Maskati, na profesa wa College Park aliyeandika barua ndefu kuulizia nakshi, mpaka Bimkubwa akasema huyu anataka kofia au anataka posa?

Siku ya kulifungua duka hilo la mtandaoni, Nuha alitaka kuandika jina lake mwenyewe, maana yeye ndiye mwenye kompyuta. Bimkubwa akakataa. "Andika langu," akasema. "Miaka yote nimeshona, na kila kofia imeuzwa kwa jina la mwenye duka. Safari hii na iuzwe kwa jina la aliyeshona." Haya, likaandikwa lake. Likabaki jina la duka. Nuha akapendekeza la Kiingereza, lenye neno Zanzibar ndani yake, ili watu walione upesi.

"Andika Mama na Mwana."

"Mama, nani huko atakayelifahamu?"

"Wa kulifahamu atalifahamu."

Nuha akacheka, akaandika, akadhani ni ukaidi wa uzee. Hakuliwaza tena.

Kuhusu kodi, Bimkubwa hakuwa na mchezo. Wapo waliomwambia, Bimkubwa, kofia saba kwa mwaka, nani atakayekuuliza? Akawajibu kwa sauti ile ile ya darasani: "Karatasi haidanganywi. Ukiidanganya leo, kesho itakusuta mbele za watu." Mwaka 2006, mara ya kwanza kupeleka fomu zake, alikwenda kwa Mutai peke yake kwa basi, koti la baridi juu ya buibui, na Nuha alipotaka kufuatana naye akaambiwa mambo yangu na serikali ni yangu. Nuha alilisimulia hilo kazini kwao, akacheka nalo wiki nzima.

Kisha moyo wa Bimkubwa, uliokuwa ukimsumbua kimyakimya, ukasimama. Hospitali muuguzi alimwuliza Nuha, wewe ni nani kwake, akajibu bintiye, na likaandikwa. Wakati wa kumwosha maiti, wanawake wa msikitini waliuliza, wa karibu yake ni nani? Akasema, "Mimi, mwanawe," akapewa chombo cha maji amwagie yeye kwanza. Hakuna aliyemwomba cheti. Yasir alipiga simu kutoka Maskati, analia hawezi kusema, mwishowe akasema, "Dada, mama ulikuwa naye wewe. Lolote utakalofanya nimeridhia." Kwa watu, basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Ilibaki karatasi.

"Pole sana, dada Nuha," Mutai alisema, akainuka kabisa kwenye kiti. "Mama alikuwa mtu wa maana. Kila akija alikuwa ananiletea visheti. Keti, tafadhali."

"Ahsante, Bwana Mutai."

Akafanya kazi yake taratibu. Juu kabisa ya fomu ya marehemu huandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwenyewe amefariki, na tarehe. Mutai alipofika hapo aliigeuza kompyuta kidogo upande wake, Nuha asione, na Nuha akaona kwamba amegeuziwa asione. Akaangalia dirishani magari yanavyopita. Zikaingia kofia za mwaka mzima, ukaingia uzi, zikaingia stempu za posta. Ya mwisho kuuzwa ilikuwa ya yule Mngazija, kwa harusi ya mwanawe, na haikuwahi kwisha. Nuha alimwandikia kwamba mshonaji amefariki, na yule bwana akajibu kwa Kiswahili cha kwao kwamba asimtumie kitu, amsomee marehemu Yasini tu.

"Sasa kuna hii fomu nyingine ndogo," Mutai akasema. "Kuna refund, pesa kidogo za kodi zinarudi, kwa hivyo wanataka kujua ni nani ana-claim. Kuna visanduku vitatu. Mume ama mke wa marehemu. Mtu aliyechaguliwa na korti. Ama mtu mwingine."

"Na mtoto?"

"Mtoto hana chake. Anaingia hapo kwa mtu mwingine."

"Mtu mwingine!" Nuha akasema. "Mtoto wa mtu ni mtu mwingine?"

"Ni fomu tu, dada. Lakini mimi huwa naweka barua ya kuelezea, page moja, tunasema wewe ni nani."

Nuha akavuta pumzi. Ndicho alichokifuata hicho. "Basi humo andika mimi ni binti yake. Kwa Kiingereza, herufi kubwa kama unaweza."

Mutai aliweka vidole kwenye kibodi, akaandika maneno mawili matatu, kisha akasita. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. Akainuka kwenda kwenye kabati la mafaili na kurudi na bahasha ya marehemu. Humo alitoa ile karatasi ya njano ambayo kila mteja mpya huijaza mwenyewe: jina, anwani, unaishi na nani, ni nani wako. Aliishika kifuani kwanza kama mtu anayeficha karata.

"Dada, nilikumbuka kitu. Hapa inasema mama yako aliaga sixty-nine."

"Ndiyo, alikufa. Na Desemba akafa tena." Sauti yake ilikuwa imepanda, na mteja aliyekuwa akingoja nje ya mlango akakohoa. "Mimi mamangu kafa mara mbili, Bwana Mutai. Una la kuniuliza?"

"Hapana. Hata kwetu, dada ya mama ni mama, hatuna neno lingine. Ni Kiingereza ndicho hakina. Lakini barua hii utaisaini kwa kiapo. Si tuandike tu niece, mtoto wa dada? Haibadilishi kitu. Refund ni ile ile."

"Haibadilishi kitu kwako! Nani atakwenda kuchungulia? Nani katika ofisi yote hiyo ya serikali anamjua Salma wangu, alizikwa lini na wapi?"

"Hakuna," Mutai akakiri. "Lakini mama mwenyewe hangekubali."

"Wewe ndiye unayemjua kunishinda mimi?"

Mutai akazidi kuibana karatasi kifuani. Nuha akainuka, akainyakua ile karatasi mkononi mwake. Mwandiko aliujua kabla hajasoma, mwandiko wa ubao, kila herufi imesimama wima. Mbele ya swali la unaishi na nani, Bimkubwa alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Nuha. Mtoto wa marehemu dada yangu Salma, aliyefariki 1969.*

Akarudi kwenye kiti. Shingo ile aliyoikaza tangu ngazini ikalegea. Alisoma tena, akidhani huenda kuna neno limemponyoka, lakini mwalimu yule hakuwa mtu wa kusahau maneno. Mtoto wa dada yangu. Miaka arobaini ya uji, ya khanga mpya kila Idi, ya kukeshewa akiwa na homa, na alipoulizwa na mgeni, hivyo ndivyo alivyomtaja.

"Kumbe alinishika neno langu," akasema polepole, wala hakuwa akimwambia Mutai. "Nilimwambia si mama yangu, akakubali. Mimi nikadhani kasahau, kumbe alikubali." Uchungu ulimpanda akashindwa hata kulia.

Mutai akaufunga mlango. Akaketi, si nyuma ya meza bali kwenye kiti cha wateja, kando yake.

"Dada Nuha, mimi niliambiwa nisiseme. Lakini aliyeniambia ameenda, na siwezi kukuacha utoke hapa ukiwa na hiyo." Akakuna kidevu. "Alikaa hapo ulipokaa. Aliposhika kalamu alikaa nayo muda, mpaka nikafikiri hajaelewa swali. Nikamwambia, mama, andika tu daughter, watu wote wanaandika hivyo. Akaniangalia vibaya, akasema karatasi haidanganywi. Akaandika. Halafu akanishika mkono. Akasema, 'Mwanangu, karatasi hii, Nuha asiione.' Nikamuuliza, kwani iko na shida? Akasema, 'Aliwahi kuniambia mimi si mamake. Alikuwa mtoto, ana hasira zake, na najua mpaka leo linamuuma. Sasa akiona na mimi nimeandika hivi, atadhani nimemrudishia.'"

Ndipo Nuha alipolia. Alilia kilio ambacho hakukilia hospitali wala kaburini, ukingo wa mtandio mdomoni ili mteja wa nje asisikie, na mteja wa nje alisikia. Kumbe alikuwa akijua! Miaka yote ile, kila walipokaa mezani, mmoja ana radhi ya kuomba na mwingine anaijua na ameshaitoa, na wote wawili wanaombana chumvi. Angesema neno moja tu, mama nisamehe, sekunde moja, huku anapiga picha kofia. Hakulisema, na sasa hapana wa kuambiwa. Mutai akaenda kuihangaikia mashine ya kuchapa, ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Alipotulia alijipangusa uso, akachomoa karatasi ya tishu mezani bila kuomba. "Weka alama hapo kwa mtu mwingine," akasema. "Na kwenye barua andika mtoto wa dada yake. Kama alivyoandika mwenyewe."

"Uko sure?"

"Hakutaka idanganywe. Mimi nilishamkaidi ya kutosha."

Mutai akaandika. Akachapa barua, Nuha akaweka saini. Kisha Mutai akaipitia fomu kubwa mara ya mwisho, ukurasa wa biashara, kidole kikishuka kwenye kioo mstari kwa mstari, na kidole kikasimama karibu na juu.

"Nimebakisha mstari mmoja. Jina la biashara." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Biashara ndogo kama hii si lazima. Ule mwaka wa kwanza nilimwambia mama tuache wazi. Alikataa kabisa. Akaniambia, 'Kwingine kote andika wanavyotaka wao. Hapo usiache wazi.' Akanitajia herufi moja moja, nisikosee. Mimi nilifikiri ni mambo ya matangazo."

Nuha akatia mkono kwenye mfuko wa plastiki. Ile nakala ya mwaka wa nyuma ilikuwa humo tangu asubuhi, na kabla ya hapo ilikuwa kabatini kwao, na hakupata kuisoma hata siku moja, maana nani anayesoma fomu ya kodi ya mwenziwe? Akaifungua. Juu palikuwa na jina la Bimkubwa binti Khelef na namba yake ya serikali. Chini palikuwa na saini yake, na kiapo kwamba yote yaliyomo ni kweli. Na katikati, kwenye mstari mwembamba ambao ofisa wa kodi angeupita bila kufahamu hata silabi moja, palikuwa na maneno matatu ya Kiswahili kwa herufi kubwa, yale yale ambayo Nuha aliyadhani ukaidi wa uzee.

Akayapitishia kidole. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akisema karatasi haidanganywi.

"Hata mwaka huu," akamwambia Mutai, "hapo usiache wazi."

Mutai akaweka vidole kwenye kibodi, na Nuha akamtajia herufi moja moja.